Usingizi, Usukani na Vijana: Historia Fupi Kutoka Kandara

Najua kimya kimekuwa kirefu, na wengine mmeshaanza kuuliza kama bado nipo au nimemezwa na jangwa. Nipo jamani, mzima wa afya. Ni kazi tu. Huku ukimaliza shughuli za mchana, za usiku nazo zinakusubiri mlangoni. Na leo nataka nizungumze habari ya huo usiku: usiku, gari, na vijana wanaoshika usukani huku usingizi umewashika wao.

Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lile lile. "Hivi huko kwa Waarabu barabara zimenyooka, magari mapya, mafuta rahisi, sasa kwa nini ajali nyingi hivyo?" Ni swali zuri, na jibu lake halimo kwenye lami wala kwenye injini. Limo kwenye historia ya watu na usiku wao. Basi vuteni viti, leo ni somo la historia. Msisinzie tu!

Kwanza niwaonyeshe nilipo. Kandara ni mtaa wa zamani wa Jeddah, si mbali na Balad, ule mji mkongwe wenye nyumba za roshani za mbao. Uwanja wa ndege wa zamani ulikuwa pande hizi, mpaka mwaka 1981 ulipofunguliwa uwanja mpya wa Mfalme Abdulaziz kaskazini mwa mji. Wazee wetu waliokuja Hija kwa ndege kabla ya hapo, vumbi la kwanza la Hijazi walilolikanyaga ni la jirani na hapa ninapoandikia. Wengine jina la Kandara mmelisikia kwa ajili ya lile daraja, ambapo wageni waliopitisha muda wa viza walikuwa wakilala chini yake wakisubiri kukamatwa ili warudishwe makwao. Hiyo ni habari ya miaka ya kabla ya msamaha wa 2013, nayo inataka siku yake.

Kutoka Jeddah mpaka Makka ni kama kilomita 80. Leo ni saa moja tu kwa gari. Zamani, kwa ngamia, ilikuwa safari ya kulala njiani, na misafara ilipenda kwenda usiku kwa sababu jua la mchana halikuwa na huruma. Yule Mwingereza Richard Burton, ambaye baadaye alipita pwani yetu na kufika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, alisafiri kutoka Madina kwenda Makka mwaka 1853 akiwa amejigeuza hujaji, na sehemu kubwa ya safari ile waliikata usiku. Abiria walikaa ndani ya shugdufu, vile vitanda viwili vinavyoning'inizwa huku na huku ya mgongo wa ngamia, na mtu akichoka alilala humo humo. Msafara ulisonga. Ngamia wa nyuma alimfuata wa mbele, na wa mbele alimfuata mwenye kamba.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kwa karne na karne watu wa nchi hii walisafiri usiku na kusinzia safarini, na haikuwa hatari kubwa, kwa sababu mnyama aliyewabeba alikuwa macho. Kisha likaja gari. Tabia ya kusafiri usiku ikabaki vile vile, lakini sasa aliyebebwa ndiye anayetakiwa kuwa macho, maana kinachombeba hakina akili. Ngamia akiona shimo anasimama. Gari likiona shimo linaingia.

Ufalme wa Saudia ulitangazwa mwaka 1932, na mafuta ya kuuzwa yakapatikana Dammam mwaka 1938. Lakini mabadiliko makubwa ya barabarani yalikuja baada ya 1973, pale bei ya mafuta duniani ilipopanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Fedha ziliingia kama mafuriko, na magari yakaingia nazo. Riyadh, ambao mwaka 1968 ulikuwa mji usiofika watu nusu milioni, ulichorewa ramani mpya na kampuni ya Mgiriki Constantinos Doxiadis: viwanja vya mraba vikubwa, kila upande kama kilomita mbili, vimezungukwa na barabara pana zilizonyooka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 7 mjini humo. Ni mji uliochorwa kwa ajili ya gari. Nilipokaa Riyadh miaka mitatu, kwenda tu kununua mkate kwa miguu ilikuwa kama adhabu, hasa mwezi wa saba.

Sasa mchukue kijana wa miaka 16 umweke katika mji huo. Mchana joto linafika nyuzi 45. Sinema hakuna (zilirudi 2018 baada ya miaka zaidi ya 30). Sehemu za starehe chache, na nyingi zilikuwa za familia, kijana peke yake haruhusiwi. Kilichopo ni gari la baba, barabara pana, na mafuta ambayo mpaka mwisho wa 2015 lita moja ilikuwa kama nusu riyali, bei rahisi kuliko chupa ya maji. Na kuna usiku, ambao ndio wakati pekee wenye hewa. Hapo ndipo ilipozaliwa tafhiti, ule mchezo wa kuyumbisha gari kwa kasi mpaka tairi zinalia na moshi unafuka, huku vijana wamejipanga pembeni wakishangilia. Mtaalamu wa Kifaransa Pascal Menoret aliishi Riyadh akawachunguza vijana hao na kutoa kitabu kizima mwaka 2014. Serikali nayo ilichoka: tangu 2016 faini ya tafhiti ni riyali 20,000 kosa la kwanza, 40,000 la pili, 60,000 la tatu, na gari linashikiliwa.

Tafhiti inajulikana kwa sababu inapigwa picha. Watu wanairekodi, inazunguka kwenye simu, mpaka nyinyi Tanga mmeiona. Lakini kijana yule yule akimaliza kushangilia saa tisa za usiku, anapanda gari kurudi nyumbani kilomita 30, kimya kimya, macho mazito, hakuna wa kumpiga picha. Nani ataweka kwenye mtandao video ya mtu anayesinzia? Kwa hiyo hatari hii haina jina la kuvutia wala mashabiki, na kwa sababu haina jina watu hawaiogopi.

Nikiwa Riyadh nilikuwa dereva wa nyumba moja. Kijana wao mkubwa alikuwa na miaka 17, mtoto mzuri, ananiita "ammi" kwa heshima. Shule saa moja kasoro asubuhi. Likizo za kiangazi na mwezi wa Ramadhani maisha yanageuka juu chini: watu wanalala alfajiri na kuamka adhuhuri, na mji unachangamka saa sita za usiku kama Kariakoo mchana. Shule zikifunguliwa, mwili wa kijana hauambiwi "kuanzia leo lala mapema" ukakubali. Nilikuwa namuona asubuhi anakunywa chai amesimama, macho mekundu, funguo mkononi. Mara nyingi nilimwambia, "Kaa nyuma, nikupeleke mimi." Siku nyingine alikubali, siku nyingine ujana ulikataa.

Hapa wataalamu wana la kusema, na ni vizuri wazazi mlisikie. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala saa 8 mpaka 10. Halafu saa ya mwili wake imesogea mbele: ile homoni ya usingizi, melatonini, kwake inaanza kutoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo au mtu mzima. Kwa hiyo kijana anayekesha hana tu kiburi, mwili wenyewe unamkawiza. Ukimwamsha saa kumi na moja alfajiri unamtoa kwenye kilindi cha usingizi. Na kila binadamu ana nyakati mbili ambazo mwili unadai kulala, ataka asitaka: kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na tena alasiri, kuanzia saa nane hivi za mchana.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima kitu ambacho walevi na walokole wote wangeshangaa. Waliwakesha watu, kisha wakalinganisha utendaji wao na wa watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alikuwa mzito wa mikono na akili sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi zingemtia ndani. Yaani mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi akafanya kazi kutwa, kisha akawasha gari saa tano za usiku, tayari yuko kama mtu aliyepita baa. Na hajaonja hata tone.

Tena usingizi wa usukani hauhitaji mtu alale fofofo. Kuna ule wa kunyakua, sekunde tatu nne tu, macho yanaweza hata kuwa wazi lakini akili imeondoka. Piga hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda kama mita 28 kila sekunde. Sekunde nne ni mita 111. Huo ni uwanja mzima wa mpira, goli mpaka goli, gari halina dereva. Huku baadhi ya barabara kuu tangu 2018 zimeruhusiwa mwendo wa 140, ikiwemo ya Riyadh kwenda Taif. Hapo sekunde nne ni mita zaidi ya 150. Riyadh mpaka Jeddah ni kama kilomita 950, sehemu kubwa ni jangwa tupu: hakuna kona, hakuna mti, hakuna mtu. Barabara iliyonyooka ni kitanda, wanasema madereva wa Kipakistani tunaokunywa nao chai hapa Kandara. Na ukiamka ghafla, mbele yako kasimama ngamia, mjukuu wa wale waliokuwa wakikesha kwa niaba yetu.

Kuna jambo jingine la historia ya hapa msilolijua sana. Mpaka tarehe 24 Juni 2018 wanawake hawakuruhusiwa kuendesha gari. Tarehe 6 Novemba 1990 wanawake 47 waliendesha mjini Riyadh kupinga, wakashikwa, na waliokuwa na kazi za serikali wakasimamishwa. Katika miaka yote hiyo mama anahitaji kwenda hospitali, dada anahitaji kwenda chuo, nani anaendesha? Ama dereva wa kigeni kama mimi, ama mtoto wa kiume wa nyumba hiyo, hata kama hajafika umri wa leseni, ambao ni miaka 18. Mtoto wa miaka 14 alikuwa anakabidhiwa roho za familia nzima kwa sababu tu ni wa kiume. Na walimu wa kike waliopangiwa shule za vijijini mbali waliondoka usiku wa manane kwa magari ya kukodi, mamia ya kilomita, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Magazeti ya hapa kwa miaka mingi yaliandika vifo vyao. Dereva amelala saa tatu, abiria wamelala nyuma, na barabara ni kitanda. Mnaelewa.

Kisha kuna dawa. Kwetu dereva akitaka kukesha anatafuna mirungi. Huku mirungi ni marufuku kabisa, lakini kuna vidonge vinavyoitwa kaptagoni, vinaingizwa kwa magendo. Agosti 2022 vilikamatwa Riyadh vidonge karibu milioni 47 vimefichwa ndani ya shehena ya unga. Wanafunzi wanavitumia kukesha na mitihani, vijana wanavitumia kukesha na starehe. Vidonge hivyo havileti nguvu, vinakopa tu. Na deni la usingizi halisamehewi: dawa ikiisha, mwili unadai lote kwa mkupuo, na mara nyingi unalidai barabarani.

Niseme ukweli kuwa serikali imefanya kazi. Kamera za Saher zilianza 2010, kwanza za mwendo kasi, baadaye hata mkanda na simu. Wanawake sasa wanaendesha, na yule mtoto wa miaka 14 amepumzika. Treni ya Haramain ilianza 2018, hivyo wa Makka na Madina wana njia ya kulala wakiwa safarini tena, kama enzi za shugdufu! Vifo vimepungua sana kuliko miaka ya 2010. Lakini kamera ya barabarani inaona namba ya gari. Haioni kope.

Sasa msinicheke mkasema "hao Waarabu bwana." Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018, kwa makadirio ya mwaka 2016, iliipa Saudia vifo 28.8 vya barabarani kwa kila watu 100,000. Kenya 27.8. Tanzania yetu 29.2. Mmeona? Wao walikuwa na barabara pana na magari mapya, sisi tuna mashimo na magari yaliyotumika Japan, na makaburi yanakaribia kulingana.

Na sisi pia tuna historia yetu ya kumtukuza asiyelala. Novemba 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi, Zambia ilifungiwa njia ya mafuta, na malori yakaanza kupanda kutoka Dar kwenda Tunduma na kuendelea, usiku na mchana, kwenye barabara ya vumbi na tope. Madereva waliiita njia ya jehanamu, na mabaki ya malori yalijaa mabondeni. Nafuu ilikuja kwa bomba la TAZAMA mwaka 1968 na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976. Kwenye mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953, wazee wetu walisimama kando ya njia kuwapigia makofi watu waliokuwa wameendesha siku na usiku kwa mapumziko kidogo mno. Joginder Singh aliyeshinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, alikuwa shujaa kweli. Lakini yule alikuwa na msaidizi pembeni wa kumsomea njia, na timu nzima nyuma yake. Kijana wetu na Noah ya baba yake hana vyote hivyo. Ana sifa tu: "Mwanaume halali njiani."

Ndiyo maana Tanzania mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku kwa karibu miaka 30, mpaka yaliporuhusiwa tena 2023. Kenya nayo iliweka masharti makali ya safari za usiku mwisho wa 2013, baada ya basi kupinduka Ntulele, Narok, mwezi wa nane na kuua watu 41. Ikasimamisha tena usiku wa mabasi Desemba 31, 2017, baada ya watu 36 kufa Migaa alfajiri ile ile. Sisemi kwamba ajali hizo zote ni za usingizi. Nasema kila serikali iliyokaa ikahesabu, ilikuta usiku una hesabu yake. Lakini sheria hizo ni za mabasi. Gari la nyumbani halina wa kulizuia ila wazazi.

Na hapo nafika nilipokuwa naelekea. Nimesikia kwamba mwisho wa mwaka huu familia inakutana Tanga kwa arusi, na kwamba watu wa Dar wataondoka Ijumaa usiku baada ya kazi, na atakayeendesha ni mtoto wa kaka, mwenye miaka 19, leseni yake haijatimiza mwaka. Atakuwa ameamka alfajiri, ameshinda chuo, jioni amezunguka Kariakoo na shangazi zake kununua vitambaa na masufuria. Kisha saa nne za usiku apewe watu wanane, kilomita kama 350, Chalinze, Mkata, Segera, afike Tanga alfajiri, yaani saa zile zile mwili unapodai haki yake. Kaka, wewe ni mkubwa wangu na sikufundishi. Nakuomba tu.

Fanyeni hivi. Ondokeni Jumamosi asubuhi, baada ya mtoto kulala usiku mzima. Arusi ni jioni, mtawahi. Kama lazima usiku, basi wawe madereva wawili, na wa pembeni asilale kabisa, kazi yake ni kuongea na kumtazama dereva. Dalili ni hizi: anapiga miayo mfululizo, hakumbuki kijiji mlichopita sasa hivi, tairi inagusa ukingo wa lami. Mkiona mojawapo, simameni sehemu yenye taa na watu, kituo cha mafuta kwa mfano. Anywe kahawa, kisha alale dakika 20 hapo hapo. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, hivyo akiamka vyote viwili vitamsaidia, ingawa kwa muda mfupi tu. Kufungua dirisha, kuongeza muziki, kujimwagia maji usoni, hayo yote yanamchangamsha dereva kwa dakika chache na kumdanganya kwa saa nzima.

Na wewe mwanangu, najua kaka atakusomea au utasoma mwenyewe. Siku ukiwaambia shangazi zako "nimechoka, nasimama", watanung'unika, watasema arusi itatupita. Waache wanung'unike. Aliyekabidhiwa usukani ndiye mkubwa wa safari, hata kama ndani ya gari yumo bibi yake. Na ukubwa wenyewe ni huo, kujua lini useme basi.

Mchango wangu wa arusi nimeshautuma, na ndani yake nimeongeza kidogo kwa ajili ya nauli ya basi la mchana, kama kuna wanaotaka kupunguza mzigo kwenye Noah. Nisalimieni wote, wakubwa kwa wadogo. Picha nitazisubiri, na nataka nione sura zote, isipungue hata moja.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Kandara, Jeddah